Je, wajua kwa nini taya halifunguki kama mlango?

Weka ncha ya kidole cha shahada mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua kinywa polepole. Mwanzoni utahisi kifundo kikizunguka papo hapo. Endelea kuachama kama mtu anayepiga mwayo: kifundo kinaponyoka kwenda mbele, na kidole kinadidimia pale kilipokuwa.

Bawaba za mlango huzunguka tu, haziondoki mahali pake. Kiungo cha taya huzunguka na pia huteleza. Siri yake ni kipande cha gegedu ngumu, chembamba katikati na kinene kingoni, kilicholala kati ya kichwa cha taya (kile kifundo ulichokihisi) na kishimo cha fuvu. Chini ya kipande hicho taya huzunguka. Juu yake, kipande na taya huteleza pamoja kwenye mwinuko wa mfupa ulio mbele ya kishimo. Mtu mzima huachama sentimita 4 hadi 5 hivi. Zile 2 za kwanza hutokana zaidi na kuzunguka, zilizobaki hazipatikani bila kuteleza. Kipande hicho kikitoka mahali pake na kukaa mbele ya kichwa cha taya, kichwa hicho hukirukia unapoachama, ndipo husikika "ka!" karibu na sikio.

Ajabu zaidi kwangu ni kwamba viungo viwili vinatumikia mfupa mmoja. Ukitafuna muwa kwa magego ya kulia, mara nyingi kiungo cha kushoto ndicho hubeba mzigo mkubwa zaidi!

Kuuiga mwendo huu si kazi ndogo. Mwaka 1858 daktari wa meno Mmarekani, William Bonwill, alibuni kifaa cha kuigia taya wakati wa kutengeneza meno bandia, akichukulia kwamba vichwa viwili vya taya na meno ya mbele huunda pembetatu ya pande sawa, inchi 4 kila upande. Vifaa vingi vya leo vina mteremko unaorekebishwa kumfuata mgonjwa.

Lakini kinachoteleza huweza kupitiliza. Mwayo mkubwa unaweza kukivusha kichwa cha taya ng'ambo ya mwinuko, misuli ikakaza, kinywa kikabaki wazi. Waganga wa Misri ya kale walilijua jambo hili: mafunjo ya Edwin Smith (maandishi ya tiba yaliyopewa jina la Mmarekani aliyeyanunua), ya miaka ipatayo 3,600 iliyopita, yanaeleza jinsi ya kuingiza vidole gumba kinywani na kulirudisha taya. Hata leo daktari huanza kwa kubonyeza magego kwenda chini, ndipo asukume nyuma, maana kichwa cha taya hakirudi kishimoni bila kwanza kupita chini ya ule mwinuko.