Tumbawe jeupe halijafa: tunayokosea kuhusu miamba yetu ya Mtwara

Hapa Msimbati, pwani ya Mtwara, maji yakipwa wakati wa bamvua, hukosi kumsikia mtu akisema mwamba fulani "umeshakufa, umekuwa mweupe." Neno hilo linaniuma, kwa sababu mwamba ukishaitwa mfu hakuna anayeuonea huruma tena. Nanga inatupwa juu yake, watu wanaukanyaga, mwenye shida ya chokaa anajibebea. Wakati mwingine kinachobebwa ni kiumbe hai.

Dhana: Tumbawe likiwa jeupe limekufa.

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni mnyama, au tuseme mji wa wanyama wadogo maelfu, kila mmoja ana mdomo wake na minyiri kuuzunguka, kama pweza aliyefinywa akatosha kwenye kichwa cha kiberiti. Ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo unapika chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake hata asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Rangi ya kahawia tunayoiona ni ya mwani.

Maji yakizidi joto, ushirika huo unavunjika na tumbawe linautoa mwani nje. Nyama inayobaki inapitisha mwanga kama kioo, kwa hiyo weupe unaouona ni wa mifupa iliyo chini yake. Mnyama bado yupo. Ana njaa tu. Joto likishuka mapema mwani hurudi, na likiendelea kwa wiki nyingi ndipo anapokufa kweli.

Utatofautishaje lililo hai na lililokufa? Vaa miwani ya kuzamia, sogea karibu, usiguse. Tumbawe lililopauka lakini hai lina uso safi wenye ute, na ukitulia utaona vishimo vyake vimejaa nyama laini. Lililokufa hupata ukoga wa kijani au kahawia ndani ya wiki chache tu, kama sufuria iliyoachwa nje. Aprili 2024 nilisimama mbele ya tumbawe la duara, kubwa kama pipa, jeupe kama unga wa muhogo. Aliyekuwa nami alisema tuondoke, hapa hakuna kitu. Niliporudi upepo wa kusi umeshaingia, upande wake wa kivulini ulikuwa umeanza kurudisha kahawia, kwanza kwenye mikunjo, halafu ikapanda. Juu kabisa palikuwa na kipande kama kiganja kilichoshikwa na ukoga. Kipande hicho ndicho kilichokufa.

Dhana: Joto la bahari ni habari za mbali.

Mwaka 1998 miamba ya pwani yote ya Afrika Mashariki ilipauka, na yetu ya Mtwara haikusalimika. Na joto lenyewe si la kuchemsha maji. Nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto kuliko yote, ikidumu wiki nne hivi, inatosha kuanza kupausha matumbawe. Ndiyo maana miezi ya kuangalia ni Machi na Aprili, kaskazi inapoisha na bahari imetulia.

Ila tuna kitu cha kulinda. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina zaidi ya aina 250 za matumbawe. 

Dhana: Wazee walijenga mji wa Mikindani kwa matumbawe na bahari haikuisha.

Hili nalisikia kila ninapozungumzia tanuri zinazochoma matumbawe kupata chokaa. Miji ya zamani ya pwani ilijengwa zaidi kwa mawe ya matumbawe ya kale, yaliyochimbwa nchi kavu, yaliyokufa maelfu ya miaka kabla ya fundi kuzaliwa. Tumbawe bichi la baharini lilitumika kwa kiasi, mara nyingi kwenye mihimili ya milango na nakshi, kwa kuwa ni laini kuchonga likiwa bado na maji. Kuvunja mwamba hai tani kwa tani ili kuuchoma ni jambo jingine kabisa.

Piga hesabu. Yale matumbawe ya duara hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Lenye kimo cha mita 1 limetumia karibu miaka 100. Anayelivunja kwa mtaimbo asubuhi moja analigeuza kuwa unga wa kupaka ukuta, na mjukuu wake hataliona likirudi.

Dhana: Baruti ya kuvulia inaua samaki tu, mwamba unabaki.

Unabaki kifusi. Vipande vilivyolegea huvingirishwa na mawimbi ya kusi, na kitoto cha tumbawe kinachojaribu kushika juu yake kinasagwa. Sehemu iliyolipuliwa inaweza kukaa miongo bila kupona.

Dhana: Nikichukua kipande nikakiweka kwenye tangi la kioo nyumbani, nimekiokoa.

Nia ni njema, lakini kung'oa tumbawe bila kibali ni kosa, na tangi ni bahari ndogo mno. Chukua lita 100 za maji ya bahari, zenye chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Kwa joto la Mtwara lita 10 zinakauka upesi, ila chumvi haikauki, na sasa una karibu gramu 39 kwa lita. Wengi hapo huongeza maji ya bahari, na kila wakirudia hivyo chumvi inazidi kupanda. Pengo hilo hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi. Umeme ukikatika usiku, pampu inasimama na hewa ndani ya maji inapungua.

Dhana: Majani mengi juu ya mwamba ni dalili ya rutuba.

Kwenye mwamba wa matumbawe ni dalili kwamba walaji hawapo. Samaki kama pono, tasi na kangaja ndio wanaopalilia. Pono hukwangua ukoga kwa meno yake magumu na kuacha sehemu safi ambapo kitoto cha tumbawe kinaweza kushika. Jiwe analolimeza pamoja nao hulitoa likiwa mchanga mweupe, ule ule tunaoutandikia mikeka ufukweni. Maji machafu ya majumbani yakiongezeka na pono wakipungua, majani yanashinda.

Na pono ni rahisi kumaliza. Hatukusema "usingizi wa pono" bure: usiku hulala kweli kweli kwenye vijipango vya mwamba, na mwenye tochi na mkuki huwaokota kama maembe yaliyoanguka. Ninawaomba wanaozamia usiku wawaache, hasa kuanzia Aprili hadi katikati ya kusi. Hiyo ndiyo miezi ambayo tumbawe lililopauka linasubiri rangi yake irudi, na ukoga nao unalisubiri hilo hilo.