Fidia ya serikali haisubiri hukumu

Wengi huamini kwamba aliyejeruhiwa na mhalifu hawezi kulipwa fidia na serikali mpaka mhalifu huyo akamatwe na kutiwa hatiani. Sivyo. Mipango ya serikali ya kuwafidia waliojeruhiwa na wahalifu, iliyoanza New Zealand kwa sheria ya 1963 na kufuatwa na Uingereza mwaka 1964, inamfaa hasa mtu ambaye aliyemdhuru hajulikani, ametoroka au hana mali. Kinachotazamwa ni taarifa iliyotolewa polisi mapema, vyeti vya daktari na, kule Uingereza, ombi kuwasilishwa kwa kawaida ndani ya miaka 2. Inasikitisha mno kumwona mwenye mkono uliovunjika akitunza risiti zake za matibabu huku akingojea kesi iishe, ilhali muda wa kuomba unampita.