Chokaa ikiingia jichoni kazini: maji kwanza, hapo hapo ulipo

Wengi wanaoletwa kliniki ya macho kutoka matanuri ya chokaa ya Amboni na Kiomoni, au kutoka kwenye ujenzi hapa Tanga mjini, wanafanana kwa jambo moja: wameumia asubuhi, wanatuona jioni. Wengine kesho yake. Majibu haya ni yao, na zaidi ni ya wasimamizi wao.

Chokaa inafanya nini jichoni?
Chokaa na saruji zikipata unyevu huwa alkali kali. Tindikali mara nyingi huunguza juu juu, lakini alkali huyeyusha nyama ya jicho na kuzidi kupenya ndani. Kioo cha jicho kikishageuka cheupe, kuna watu hawaoni tena kwa jicho hilo, hata tukifanya nini.

Nifanye nini?
Maji. Usitafute gari kwanza, usitafute bosi kwanza. Ya bomba yanatosha. Kama hakuna, tumia yaliyo safi kuliko mengine karibu yako. Lala ubavu, jicho lililoumia liwe chini, mwenzako akufumbue kope kwa vidole maana lenyewe litagoma, na amimine taratibu kutoka upande wa pua kuelekea sikioni. Dakika 30 bila kukatisha. Tonge la chokaa likijificha chini ya kope, lisipotoka kwa maji liondolewe kwa kitambaa safi kilicholowa. Ndipo uje Hospitali ya Bombo, na kama inawezekana endeleeni kumimina njiani.

Lakini maji si yataichemsha chokaa?
Hapana. Kauli hii inapofusha watu, na mara nyingi anayeitoa ni mzoefu wa tanuri, kwa hiyo vijana wanamwamini. Ni kweli chokaa iliyotoka tanurini hutoa joto ikiguswa na maji. Ila jicho lina machozi wakati wote: kuungua kumeshaanza kabla hujagusa kopo. Maji ya kudondosha ndiyo hayafai. Maji mengi yanaondoka na chokaa, yanaondoka na joto pia. Vumbi la kwenye nyusi na mashavu lipanguse kwa kitambaa kikavu, sekunde chache tu, kisha mimina.

Ndimu au siki haziui makali yake?
Haziui, zinaongeza jeraha. Mafuta ya nazi, asali, maziwa ya mama: vyote hivyo tumevikuta machoni mwa watu, na kila kimoja kilichukua nafasi ya maji. Tafadhali acheni.

Maumivu yakipungua, naweza kumaliza zamu kwanza?
Hapana. Maumivu kupungua hakuna maana kwamba jicho limepona. Chokaa iliyobaki inaendelea kula. Msimamizi anayemwambia kibarua "vumilia, saa kumi tunatoka" anachezea jicho la mtoto wa mwenzake. Hapana, usimalize zamu.

Na mwiba wa mkonge?
Huo ni tofauti. Ukiwa umechoma jicho, usiuchomoe, usioshe, usikandamize. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, uje. Hata kama jani limekwaruza tu, usinunue matone duka la dawa kwa kubahatisha. Mikwaruzo ya mimea huleta fangasi, na matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, huipa fangasi nguvu.

Wajibu ni wa nani?
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga vinavyofaa na avitunze, na awafundishe watu hatari ya kazi yao. Mfanyakazi naye ana wajibu: avivae, na atoe taarifa ya hatari anayoiona. Miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso haikingi kitu. Miwani iliyofungiwa ofisini pia haikingi kitu, na hiyo ya pili si kosa la kibarua.

Tajiri anasema ajali isiandikwe. Nikubali?
Usikubali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya ajali za namna hii, na michango yake hutolewa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wako. Ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Ukifika kwetu sema wazi kuwa umeumia kazini, tuiandike hivyo kwenye faili. Mara nyingi tunaambiwa "niliumia nyumbani", huku chokaa ingali kwenye nywele.

Kazini kwetu hakuna bomba.
Basi wekeni madumu mawili ya lita 20 yenye koki, hatua chache kutoka mnapopakulia chokaa, siyo getini. Yafunikwe, maji yabadilishwe kila asubuhi, na asiruhusiwe mtu kunawia mikono wala kuchanganyia udongo. Andika juu yake kwa rangi: MAJI YA MACHO.