Je, Wajua Kwa Nini Walimu wa Kenya Walielemewa Zaidi Baada ya Shule Kufunguliwa?

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zote zifungwe. Madarasa mengi yalikaa bila wanafunzi hadi Januari 2021. Kwa kuwa miezi hiyo ndiyo iliyozungumzwa sana, wapo wanaoamini hadi leo kwamba walimu walikuwa wamepumzika wakati wahudumu wa afya wakihangaika, na kwamba malalamiko yao ya baadaye yalikuwa ya watu waliozoea kukaa nyumbani. Kalenda ya shule inasimulia jambo tofauti kabisa. Mzigo mkubwa zaidi ulimfika mwalimu baada ya milango kufunguliwa, ukamkalia kwa miaka miwili mfululizo, na sehemu kubwa ya sababu yake hueleweka mtu akikaa kuhesabu mihula.

Mwaka wa kawaida wa masomo nchini Kenya huwa na mihula mitatu, huanza Januari na kumalizika kabla ya Desemba, na kati ya muhula na muhula huwa na likizo ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka. Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 ungehesabiwa kuwa umepotea. Baadaye mpango ulibadilika: wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirejea tarehe 12 Oktoba 2020, na wenzao wakafuata tarehe 4 Januari 2021. Serikali iliamua kwamba mwaka ule ungekamilishwa badala ya kufutwa, kisha muda uliopotea ufidiwe hatua kwa hatua hadi kalenda irudi Januari. Kwa hiyo mihula miwili iliyosalia ya 2020 ilifundishwa kati ya Januari na Julai 2021. Mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza tarehe 26 Julai 2021 na kumalizika Machi 2022. Na ule wa 2022 ukaanza tarehe 25 Aprili 2022 na kumalizika Novemba mwaka huo huo.

Ukijumlisha utapata mihula minane kati ya Januari 2021 na mwisho wa 2022, katika kipindi ambacho kwa kawaida kingekuwa na sita. Mihula hiyo ilifupishwa, mingi ikawa ya wiki kumi hivi, na baadhi ya likizo zikabaki kuwa mapumziko ya siku chache tu. Muhula wa pili wa 2021, kwa mfano, ulifungwa tarehe 23 Desemba, na wa tatu ukaanza tarehe 3 Januari 2022, yaani Krismasi na Mwaka Mpya vilipita huku mwalimu tayari anaandaa azimio la kazi, yaani mpango wa masomo, la muhula unaofuata.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Muhula unapofupishwa, si kila kazi iliyomo inayofupika nao. Azimio la kazi ni lile lile, maandalio ya somo ni yale yale, mitihani ya katikati na ya mwisho wa muhula bado hutungwa na kusahihishwa, alama bado huingizwa katika rekodi, na wazazi bado husubiri ripoti. Kazi za kuanzisha muhula na za kuufunga, ambazo zilikuwa zikifanywa mara tatu kwa mwaka, sasa zilirudiwa baada ya kila wiki chache. Katika shule za sekondari, ambako KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa kidato cha nne, uliendelea kudai silabasi ya miaka minne, walimu wengi waliingia darasani alfajiri, wakarudi jioni, na wakaja tena Jumamosi, ingawa masomo ya ziada yalikuwa yamepigwa marufuku tangu zamani. Mwalimu aliyeyakataa alijua kwamba matokeo yakitoka jina la somo lake lingesomwa mbele ya wazazi, na hakuna ambaye angeuliza muhula ulikuwa na wiki ngapi.

Wasiofundisha huiona likizo ya mwalimu kuwa zawadi ya ziada. Kwa kweli likizo ni sehemu ya muundo wa kazi yenyewe, kwa sababu katikati ya muhula mwalimu hana nafasi ya kwenda kliniki kwa utulivu, kulima, kumalizia masomo yake ya shahada au kukaa na watoto wake. Kuanzia 2018 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilikuwa imewahamisha walimu wengi kwenda kufanya kazi mbali na kaunti za kwao. Mwalimu aliyetoka Kilifi akapangiwa kazi magharibi mwa nchi, huku familia yake ikibaki pwani, aliitegemea likizo ya Agosti ili awe mzazi na mke au mume. Likizo ya siku kumi ikitolewa siku za safari, za kufunga shule na za maandalizi, kinachobaki ni kidogo mno, na wapo walioamua kutosafiri kabisa.

Mapumziko mawili marefu yaliyobaki katika kipindi hicho, yaani ya Machi hadi Mei 2021 na ya Machi hadi Aprili 2022, yaliachwa wazi kwa ajili ya mitihani ya kitaifa, na mitihani ya kitaifa huendeshwa na walimu. Mitihani ya KCPE, ya kumaliza shule ya msingi, na KCSE ilifanywa mara tatu kati ya Machi 2021 na Desemba 2022, na mara mbili kati ya hizo zilikuwa ndani ya mwaka mmoja wa 2022. Wakuu wa shule waliamka usiku wa manane kwenda kuchukua karatasi katika makontena yanayolindwa na polisi kwenye makao ya kaunti ndogo, walimu wengine wakasimamia vyumba vya mtihani, na maelfu wakaenda katika vituo vya kusahihishia. Mwishoni mwa 2022 uliongezwa mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita, ambao ulikuwa ukifanywa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hapakuwa na mzoefu wa kumwuliza.

Walimu hawa pia hawakuanza safari hiyo wakiwa na nguvu sawa. Walioajiriwa na TSC waliendelea kulipwa mishahara wakati shule zimefungwa, na hilo linastahili kusemwa wazi. Lakini walimu wa shule za kibinafsi, na wale wanaoajiriwa na bodi za usimamizi ambao kila mtu huwaita walimu wa BOM, hulipwa kwa karo, na karo ilipokoma mishahara mingi ilikoma nayo. Huko Mwea, katika Kaunti ya Kirinyaga, shule moja ya kibinafsi iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku na bustani za mboga ili mwenyewe asifilisike, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Walimu wa shule za aina hiyo waliuza mitumba, waliendesha bodaboda, walifanya vibarua mashambani. Januari 2021 ilipowadia, walirudi darasani wakiwa na madeni ya kodi ya nyumba na ya duka, na wengi hawakurudi kamwe, hivyo vipindi vyao vikaangukia mikononi mwa wenzao waliobaki.

Virusi vyenyewe havikuwa vimekwenda popote. Mwongozo wa serikali ulitaka umbali wa mita 1.5 kati ya mtu na mtu, na serikali ilitenga shilingi bilioni 1.9 za kutengenezea madawati mapya, lakini shule nyingi za umma zilikuwa tayari zimefurika, hasa baada ya sera ya kuhakikisha kila mtoto anayemaliza darasa la nane anaingia sekondari. Waziri mwenyewe alikiri kwamba umbali huo usingewezekana kila mahali, na akashauri baadhi ya masomo yafanyike chini ya miti. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa na wanafunzi 70 katika chumba kimoja hakuweza kuutekeleza mwongozo huo, na bado alitakiwa ahakikishe unatekelezwa. Aliingia vyumba vitano au sita kwa siku, wakati kila mwanafunzi alikuwa na chumba kimoja tu. Mwishoni mwa Oktoba 2020, wiki chache tu baada ya awamu ya kwanza kurejea, shule mbili za Mombasa zilifungwa tena kwa sababu walimu wake walikutwa na maambukizi. Chanjo za kwanza zilifika nchini Machi 2021 na walimu wakawekwa katika kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na maafisa wa usalama. Hata hivyo, miezi kadhaa baadaye serikali iliwapa watumishi wote wa umma hadi tarehe 23 Agosti 2021 wawe wamechanjwa, la sivyo waadhibiwe, jambo lililowaongezea hofu wale waliokuwa bado na maswali.

Barakoa nayo ilikuwa na gharama ambayo haikuonekana. Kitambaa hupunguza hasa sauti za juu, zile zinazomsaidia msikilizaji kutofautisha konsonanti, na huficha midomo ambayo mtoto huitazama anapojifunza kusoma. Mwalimu hujibu kwa kupaza sauti. Akipaza sauti kwa vipindi sita au saba kila siku, katika chumba chenye mwangwi na madirisha yaliyofunguliwa kelele za nje ziingie, koo huchoka kabla ya saa sita mchana. Ualimu ni miongoni mwa kazi zinazojulikana sana kwa maradhi ya sauti hata pasipo barakoa.

Na watoto waliorudi hawakuwa wale walioondoka. Wapo waliokuwa wameanza kufanya kazi za kulipwa na hawakuona sababu ya kuvaa sare tena. Wapo wasichana waliorudi wakiwa wajawazito au wakiwa wamejifungua. Wapo ambao hawakuonekana kabisa, na walimu wakaagizwa washirikiane na machifu kuwatafuta kijiji kwa kijiji. Waliokuwa darasani walikuwa wamesahau mengi, lakini kalenda iliyobanwa haikuwapa nafasi ya kurudi nyuma. Ghadhabu ilijitokeza pia. Januari 2021 mwanafunzi mmoja katika Kaunti ya Kisii aliwadunga walimu wawili kwa kisu. Kati ya Oktoba na Novemba mwaka huo mabweni yaliteketezwa katika shule nyingi, hadi Wizara ikatoa mapumziko ya siku chache kuanzia tarehe 19 Novemba 2021, mapumziko ambayo hayakuwa katika ratiba. Walimu wa zamu walilala kwa wasiwasi, wakizunguka mabweni usiku na kuingia darasani asubuhi. Ninaamini mapumziko hayo ya ghafla ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba kalenda ilikuwa imebanwa kupita kiasi, kwa sababu hata walioitunga walilazimika kuilegeza.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu wa kazini wa aina hii (kwa Kiingereza burnout) kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Shirika hilo haliuiti ugonjwa. Linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kuhisi kwamba unachokifanya hakina tija. Neno la kuzingatia hapo ni muda mrefu. Binadamu huhimili wiki ngumu, hata muhula mgumu, mradi baada yake apate muda wa kurejesha nguvu; mzigo ule ule usipofuatwa na mapumziko hujilimbikiza. Mpango wa kufidia muda ulihesabu kwa uangalifu wiki ambazo mtoto alikuwa amepoteza, na hesabu hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Lakini wiki hizo zilitolewa katika likizo, na likizo ilikuwa ndiyo dawa pekee ambayo mfumo ulikuwa nayo kwa mwalimu.

Dalili ya tatu, ile ya kuhisi kwamba kazi haina tija, ilipata chakula chake Julai 2021. Mwezi huo vyama vya walimu vilitia saini mkataba mpya wa miaka minne na TSC ambao haukuwa na nyongeza yoyote ya mishahara, kwa kuwa nyongeza za watumishi wa umma zilikuwa zimesitishwa kutokana na hali ya uchumi iliyoletwa na janga. Mkataba ulianza kutumika mwezi ule ule ambao mwaka wa masomo uliobanwa ulikuwa ukianza.

Kalenda ilirudi Januari 2023, muhula wa kwanza ukifunguliwa tarehe 23, na kwa maana hiyo mpango wa kufidia ulitimiza lengo lake. Siku zile zile gredi ya saba ya kwanza ya mtaala mpya wa umilisi (CBC) ilikuwa ikiwekwa katika shule za msingi, na ingawa TSC iliajiri walimu zaidi ya 30,000, wengi wao wakiwa walimu wa muda wa mafunzo ya kazi (intern), zilikuwepo shule zilizopata mwalimu mmoja tu wa kufundisha masomo yote ya daraja hilo. Walimu wa msingi waliokuwa hapo waliombwa wasaidie.