Je, wajua kwa nini Raspberry Pi Zero inawaka lakini laptopu haiioni?

Umechomeka Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo ya bodi moja, kwenye laptopu kwa waya mmoja wa USB, kama maelekezo yalivyosema. Taa ya kijani inapepesa, kwa hiyo umeme upo na memori kadi inasomwa. Ulitegemea laptopu ipate kadi mpya ya mtandao, uingie ndani ya Pi kupitia waya huohuo, kazi ianze. Badala yake, kimya. Windows haipigi hata kile kimlio chake cha kifaa kipya. Kinachofuata kwa wengi ni kufuta memori kadi na kuandika mfumo upya, mara ya pili, mara ya tatu, na kimya kinabaki palepale.

Shida ni kwamba ile taa inathibitisha mambo machache sana. Ndani ya waya wa kawaida wa USB 2.0 mna nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data, ziitwazo D+ na D−. Taa inahitaji zile mbili za kwanza tu. Zile za data zikikatika, au zisiwepo kabisa, Pi itawaka vizuri na kuendelea na shughuli zake bila laptopu kujua kwamba kuna kitu upande wa pili.

Halafu kuna suala la nani anazungumza. Pande mbili za USB hazina hadhi sawa: mmoja ni mwenyeji, mwingine ni kifaa. Mwenyeji ndiye anayeuliza. Kifaa ni kama mwanafunzi asiyefungua mdomo mpaka mwalimu amtaje. Jambo pekee ambalo kifaa hulifanya bila kuulizwa ni kuuinua waya wa D+ kwa rezista ya kilo-omu 1.5, ili mwenyeji ajue kuna mtu. Akishaona hivyo, mwenyeji anaomba maelezo ya baiti 18 yanayotaja mtengenezaji na aina ya kifaa, anakipa namba kati ya 1 na 127, kisha anauliza kinajua kazi gani. Hatua moja ikikwama, zinazofuata hazifikiwi.

Kompyuta kwa kawaida huwa mwenyeji, na Pi nazo ni hivyo. Ila simu yako ya Android huwa kifaa kila unapoichomeka kwenye kompyuta kuhamisha picha, au unapoigawia laptopu intaneti kwa waya. Zero hufanya mchezo uleule. Ilitoka Novemba 2015 kwa bei ya dola 5, bila tundu la kebo ya mtandao na bila Wi-Fi (Zero W yenye Wi-Fi ilifuata Februari 2017), kwa hiyo kuigeuza ijifanye kadi ya mtandao ya laptopu lilikuwa jambo la lazima zaidi kuliko ujanja. Inaweza pia kujifanya flashi, kibodi, au mlango wa mawasiliano wa COM.

Sasa turudi kwenye kimya. Ningekushauri usiguse faili lolote kabla hujaukagua waya, na njia nzuri ya kuukagua wala haihitaji Linux, mfumo unaoiendesha Pi: chomoa memori kadi.

Ndiyo, ichomoe kabisa, kisha ichomeke Zero kwenye laptopu ikiwa tupu. Ndani ya chipu yake kuna programu fupi iliyochongwa humo tangu kiwandani. Isipokuta kadi, programu hiyo inaigeuza USB kuwa kifaa na kuingojea kompyuta iitumie faili za kuwakia. Subiri sekunde chache. Kwenye laptopu ya Linux andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB: Zero na Zero W hujitokeza kwa namba 0a5c:2763, na Zero 2 W kwa 0a5c:2764. Kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa (Device Manager) utafute kitu kinachoitwa BCM2708 Boot au BCM2710 Boot. Ukikiona, basi waya wako ni mzima, tundu ni sahihi, na bodi haijafa. Kosa liko kwenye memori kadi, yaani kwenye mipangilio. Usipokiona, unaweza kuandika mfumo upya hadi kesho na hautapata kitu.

Na usipokiona, mshukiwa wa kwanza ni waya wa kuchajia tu. Nyaya nyingi zinazokuja na taa za kuchaji, spika ndogo na pawabenki hazina D+ wala D−, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ujaribu waya wako kwa simu: ikiwa simu inachaji lakini kompyuta haioni picha zako hata ukiruhusu kuhamisha faili, huo si wa kazi hii. Mshukiwa wa pili ni tundu. Zero ina matundu mawili yanayofanana yakiwa ubavu kwa ubavu. Lile la pembeni kabisa limeandikwa PWR IN, na nyaya zake za data haziendi popote. Lile lililo karibu na HDMI, lililoandikwa USB, ndilo lenye data, na linapokea umeme pia, kwa hiyo waya mmoja humo unatosha. Mshukiwa wa tatu ni kile kipande cha OTG cha kuunganishia flashi kwenye simu. Plagi ya micro-USB ina pini ya tano, iitwayo ID: ikiunganishwa na ardhi (upande hasi wa umeme), bodi inajiona mwenyeji, ikiachwa hewani, inajiona kifaa. Kipande cha OTG huiunganisha na ardhi, kwa hiyo ukikitumia hapa unakuwa na wenyeji wawili wanaongojeana.

Kabla ya kwenda kwenye mipangilio, hakikisha pia bodi yako ina uwezo huo. Watu wengi hujaribu na Pi 3 Model B na kukata tamaa bure. Chipu kuu za familia hiyo zina njia moja tu ya USB, na kwenye 3B njia hiyo imeingizwa kwenye chipu ya LAN9514, ambayo ni hab (kigawanyi cha USB) ya matundu manne pamoja na mtandao wa kebo. Hab hutazama upande mmoja tu: upande wake wa chini ni wa vifaa, na hakuna mpangilio wa programu utakaoigeuza. Pi 4, iliyotoka Juni 2019, ilibadili mambo. Matundu yake manne makubwa yanahudumiwa na chipu nyingine, VL805, na ile njia ya zamani ikabaki huru. Ikapelekwa kwenye tundu la USB-C la umeme. Kwa hiyo Pi 4 huwa kifaa kupitia USB-C pekee. Pi 4 za mwanzo zilikuwa na dosari hapohapo: pini mbili za CC, zinazoitambulisha bodi kwa chaja, zilishirikiana rezista moja badala ya kila moja kuwa na yake, hivyo kwa nyaya za USB-C zenye chipu ndani yake chaja iliidhania bodi kuwa kifaa cha sauti na kuinyima umeme. Toleo la baadaye la bodi lilirekebisha, lakini ukiwa na la mwanzo, tumia waya wa kawaida wenye USB-A upande wa laptopu.

Jaribio la kuchomoa memori kadi likikuthibitishia waya na bodi, tuingie kwenye faili mbili.

Ya kwanza ni config.txt, faili la mipangilio ya bodi. Linux ya Raspberry Pi ina draiva mbili za USB hiyo moja: dwc_otg, ambayo kazi yake ni uenyeji tu, na dwc2, ambayo huweza kuwa mwenyeji au kifaa. Mstari dtoverlay=dwc2 ndio unaoleta ya pili. Mtego uko kwenye vichwa vilivyowekwa katika mabano ya mraba. Katika matoleo ya karibuni utaona kichwa [cm5] na chini yake dtoverlay=dwc2,dr_mode=host. Mtu anauona mstari huo na kusema kumbe tayari upo. Haupo kwa ajili yake: kilicho chini ya [cm5] kinasomwa na Compute Module 5, aina nyingine ya bodi ya Pi, peke yake, na tena hapo kimelazimishwa kuwa mwenyeji. Shuka hadi chini ya [all], ndipo uandike wako. Ukiwa na wasiwasi na ile pini ya ID, andika dtoverlay=dwc2,dr_mode=peripheral, na bodi itakuwa kifaa bila kuiuliza pini.

Ya pili ni cmdline.txt, yenye maagizo ambayo Linux huyasoma inapowaka, na hii haisamehe. Yote yaliyomo lazima yawe mstari mmoja. Baada ya neno rootwait weka nafasi moja, kisha modules-load=dwc2,g_ether; g_ether ndiyo inayoifanya Pi ijifanye kadi ya mtandao. Ukibonyeza Enter mahali popote katikati, kinachofuata hakitasomwa. Faili zote mbili ziko kwenye ile sehemu ndogo ya kadi inayoonekana hata kwenye Windows. Ukizihariri ukiwa ndani ya Pi yenyewe, kumbuka kwamba tangu toleo la mfumo wa Pi liitwalo Bookworm, la Oktoba 2023, zilihamia /boot/firmware. Miongozo ya zamani bado inakutuma /boot.

Hapa ndipo panahitaji subira, kwa sababu kuanzia hapa kimya kinaweza kutoka upande wowote. Ingia kwenye Pi kwa njia nyingine: Wi-Fi ikiwa ni Zero W, skrini na kibodi ikiwa ni Pi 4. Andika ls /sys/class/udc, inayoorodhesha vidhibiti vya USB vilivyo tayari kuwa kifaa. Isipotokea kitu, dwc2 haijawa kifaa, rudi kwenye config.txt. Likitokea jina kama 20980000.usb kwenye Zero au fe980000.usb kwenye Pi 4, kidhibiti kipo tayari. Kisha soma faili liitwalo state lililo ndani yake:

cat /sys/class/udc/*/state

Neno moja litakalotoka lina thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha. Likiwa not attached, Pi iko tayari lakini hakuna mwenyeji aliyeigusa. Tatizo ni waya, tundu, au g_ether haikupakiwa. Likiwa configured, mazungumzo ya USB yamekwisha salama, laptopu imeikubali Pi, na hitilafu iliyobaki ni ya mtandao. Achana na waya kabisa.

Upande wa laptopu ya Linux, acha dmesg -w, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, ikiwa wazi wakati unachomeka. Ukisoma device descriptor read/64, error -71, laptopu imeona D+ imeinuka, ikauliza, ikapata majibu yaliyoharibika: waya mbovu au mrefu mno, au hab dhaifu katikati. Ikiwa ni -110, imeuliza na muda umekwisha bila jibu. Mara nyingi Pi imeganda au umeme umeporomoka. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500. Zero inatosheka nazo, Pi 4 inaweza kuzidi. Windows yenyewe hujumlisha yote hayo katika kosa la 43, lisilokusaidia sana.

Mambo yakienda sawa, lsusb itaonyesha 0525:a4a2 na jina la Netchip. Hujadukuliwa. Netchip ni kampuni iliyowapa watengenezaji wa Linux namba hiyo waitumie, na jina likabaki. Kwenye Windows tarajia kikwazo kidogo: wakati mwingine hukidhania kifaa kuwa mlango wa COM, na inabidi uende kwenye orodha ya vifaa ukichagulie mwenyewe draiva ya RNDIS, lugha ya Windows ya mtandao kupitia USB. Mac haijui RNDIS, lakini g_ether hutoa pia CDC, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo Mac huielewa.

Mwisho ni mtandao, na hapa Bookworm imewaponza wengi waliokuwa wakifanikiwa miaka yote. Zamani Pi iliipa usb0, yaani kadi ya mtandao ya USB kwa upande wake, anwani ya dharura inayoanza na 169.254, laptopu nayo ikajipa ya aina hiyo, wakaonana kwa jina raspberrypi.local. Sasa mtandao uko chini ya programu ya NetworkManager, na ndani yake kuna faili la kanuni, 85-nm-unmanaged.rules, lenye mstari unaoiambia isiguse kifaa chochote cha aina ya gadget, kama hiyo usb0. Kwa hiyo usb0 ipo, state inasema configured, na hakuna anwani. Nakili faili hilo kutoka /usr/lib/udev/rules.d hadi /etc/udev/rules.d, kwenye mstari wenye neno gadget badili 1 iwe 0, washa upya, kisha tengeneza muunganisho wa usb0 kwa nmcli, amri ya NetworkManager, wenye ipv4.method link-local (zile anwani za 169.254), au shared ukitaka Pi yenyewe igawe anwani.

Ukiona laptopu inasahau mipangilio kila Pi inapowaka, ni kwa sababu g_ether hubuni kila mara anwani mpya ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao, na laptopu huiona kama kadi nyingine. Ongeza kwenye ule mstari mmoja wa cmdline.txt g_ether.host_addr na g_ether.dev_addr, kila moja na anwani yake, zikianza na 02.

Ping ikijibu lakini ssh, njia ya kuingia ndani ya Pi kwa amri, ikakataa neno la siri, usirudi kwenye USB. Tangu Aprili 2022 mfumo hauji tena na mtumiaji aitwaye pi mwenye neno la siri raspberry; jina na neno la siri unaviweka mwenyewe kwenye Raspberry Pi Imager kabla ya kuandika kadi, na humohumo ndimo unamoiwasha ssh.