Mzee aliuliza dagaa, katalogi ikasema hakuna

Mei 2024, wiki ile Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, mzee mmoja wa Katonga aliingia maktabani kwetu hapa Kigoma, kofia mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "wametuambia dagaa waachwe wazaliane mpaka Agosti. Sikatai. Nataka kusoma nani aliyewapima, na aliwapima lini." Nikaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia: dagaa. Ikaja rekodi moja tu, ya kitabu cha mapishi.

Nyuma ya kiti changu kulikuwa na maboksi mawili ya ripoti za mradi wa utafiti wa uvuvi wa ziwa hili, ule ulioendeshwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa msaada wa Finland kuanzia 1992. Zote zilikuwa kwenye katalogi, ila zimeingizwa kwa jina la kisayansi, Stolothrissa tanganicae. Hakuna mtu wa Katonga atakayefika kaunta akaandika Stolothrissa. Nilimtolea mzee ripoti kwa kukumbuka mahali zilipo, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu siku nisipokuwepo kumbukumbu hiyo haipo.

Nalieleza hapa kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya uzamili ya taaluma za maktaba na habari wanaotafuta mradi wa mwisho. Mapendekezo mengi yanayonifikia yanaanza na neno "changamoto": changamoto za TEHAMA, changamoto za usomaji, uchunguzi kifani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Dodoso linagawiwa, asilimia zinapangwa kwenye majedwali, na sura ya tano inaishauri serikali iongeze bajeti. Sijaona rafu hata moja iliyobadilika kwa kazi ya namna hiyo. Ninachowaomba ni kidogo na kigumu zaidi: chukua mada moja ambayo watu wa hapa wanaiuliza, uijengee orodha ya istilahi, uiingize kwenye katalogi, kisha upime kama msomaji sasa anapata.

Orodha ya istilahi si kamusi. Haielezi maana ya neno, inaelekeza njia. Kila dhana inapewa jina moja teule, majina mengine yote yanaelekezwa kwake, na dhana inaunganishwa na zilizo pana, finyu na za jirani. Ukisoma hivyo unaweza kudhani ni kazi ya wiki mbili. Basi jaribu dagaa.

Katika ziwa letu dagaa ni samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Ukivuka kwenda Burundi wanaitwa ndagala, ukishuka Zambia ni kapenta. Lakini mtu wa Mwanza akisema dagaa anamaanisha Rastrineobola argentea, samaki ambaye hata ukoo wake ni mwingine. Sangara naye ni vivyo hivyo: wa Ziwa Victoria si huyu wetu. Kwa hiyo jina teule haliwezi kuwa "Dagaa" peke yake, linatakiwa liwe "Dagaa (Ziwa Tanganyika)". Wapo wanafunzi wanaotaka jina la kisayansi liwe teule kwa kuwa halina utata. Ni hoja ya kweli, ila mimi siikubali kwa maktaba ya umma. Jina la kisayansi liwepo, lielekeze, lakini msomaji akutane kwanza na jina analolitumia nyumbani kwake.

Dewey, mfumo wa namba tunaopangia vitabu rafuni, haitatuokoa hapa, maana yenyewe inapanga kwa taaluma. Baiolojia ya samaki iko 597, uvuvi 639.2, usindikaji 664.94, uchumi wa uvuvi 338.3727. Dagaa mmoja kagawanywa rafu nne, na ni vichwa vya mada tu, yaani maneno ya mada yanayoandikwa kwenye rekodi ya kila kitabu, vinavyoweza kumkusanya tena.

Maneno yatoke wapi? Wengi wanakimbilia AGROVOC, orodha kubwa ya FAO ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, wananakili na kumaliza. Itumieni, na mchukue namba za dhana zake, kwa sababu ndizo zitakazofanya rekodi zetu zielewane na za Bujumbura. Lakini chanzo changu cha kwanza ni daftari la kaunta. Kwa miezi miwili andika kila swali kama lilivyotamkwa. Jina la muulizaji usiliandike. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, anachosoma mtu ni siri yake.

Daftari linafundisha. Mama anayeanika samaki Kibirizi aliuliza: "Dagaa wakinyeshewa wanaoza, hakuna namna?" Ripoti inayomjibu ilikuwa chini ya "hasara baada ya mavuno". Kijana mwingine alitaka "mambo ya giza", na mwanafunzi aliyekuwa zamu akadhani anaulizia umeme. Giza, kwa wavuvi wetu, ni zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haipo na taa zinavuta dagaa juu. Wavuvi wanahesabu kazi yao kwa giza, nasi katalogi yetu haikuwa na neno hilo popote.

Kwenye Koha, programu inayoendesha katalogi, kila dhana ina rekodi yake ya majina, iitwayo rekodi ya mamlaka: jina teule linakaa uga wa 150, majina yanayoelekezwa 450, dhana za jirani 550. Nawaonya mapema: kujaza 450 peke yake hakutoshi. Kuna mpangilio wa mfumo unaoruhusu majina hayo yaingie kwenye utafutaji wa kawaida, na unakuja ukiwa umezimwa. Uwashe, kisha faharasa ijengwe upya. Mwanafunzi mmoja alihangaika wiki tatu akiamini orodha yake ni mbovu, kumbe ndagala na kapenta zilikuwa zimelala salama ndani ya rekodi, mfumo tu hauzisomi.

Kupima nako msikuogope. Tangu majaribio ya utafutaji ya mkutubi Cyril Cleverdon kule Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960, tunauliza mambo mawili: kati ya vinavyohusika tumepata vingapi, na kati ya tulivyopata vingapi vinahusika. Kama maktaba ina ripoti 12 zinazojibu swali, na utafutaji ukaleta rekodi 10 ambazo 8 ndizo zinazohusika, ukamilifu ni 8 kwa 12 na usahihi ni 8 kwa 10. Chagua maswali 30 kutoka kwenye daftari, yapitishe kabla na baada. Jedwali hilo moja nalithamini kuliko kurasa 60 za dodoso.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Niliwahi kufanya kazi kwenye maktaba ambayo mwanafunzi aliijengea orodha nzuri mno, akatetea, akafaulu, akaondoka na kompyuta yake. Tulibaki na nakala iliyojalidiwa, ambayo haiwezi kuingizwa kwenye mfumo wowote bila kuchapwa upya neno kwa neno. Sasa sitii saini fomu ya mafunzo kwa vitendo kabla faili halijaingia kwenye seva yetu na mtu wa zamu hajajua kuongeza neno bila msaada.

Mzee wa Katonga alirudi mwaka uliofuata, akamkuta binti wa zamu. Akaandika dagaa mwenyewe kwa kidole kimoja. Akafungua ripoti kwenye mchoro wa mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti, wavu ukining'inia katikati, akauliza sisi tunaiitaje. Binti akamsomea: "Wavu wa kunyanyua." Mzee akatikisa kichwa. "Hiki ni kipe, mjukuu wangu." Binti akafungua rekodi, akaongeza 450.