Breka ikikata, usikimbilie kubwa zaidi

"Fundi, hii breka inanisumbua, niwekee ya 32." Juzi aliniambia hivyo mama mmoja anayekaanga chipsi Bombo, hapa Uganda, lakini ombi hilo nalisikia kuanzia Arua hadi Mbarara. Mara nyingi breka yenyewe ni nzima. Kinachozidi ni mzigo.

Breka ndogo iliyo kwenye boksi la ukutani, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, kazi yake ya kwanza si kulinda friji wala kikaangio. Inalinda waya uliofukiwa ndani ya plasta, usioonekana ukichemka. Namba iliyoandikwa usoni, 10, 16, 20 au 32, ni ampea (kipimo cha wingi wa umeme unaopita) inazoruhusu zipite mfululizo, na huchaguliwa kwa kutazama unene wa waya.

Ndani yake mna njia mbili za kukata. Ya kwanza ni kibamba cha metali mbili zilizoshikanishwa, moja ikitanuka kuliko nyenzake zikipata joto. Umeme ukizidi kiasi, kibamba hupinda polepole hadi kikafyatua swichi. Kwa IEC 60898, kiwango cha kimataifa cha breka hizi, breka ya nyumbani ikibeba mara 1.13 ya namba yake haitakiwi kukata ndani ya saa nzima. Ikibeba mara 1.45, sharti ikate kabla saa haijaisha.

Ya pili ni koili, yaani waya uliozungushwa, na hii ni ya shoti. Waya wa moto ukigusana na nyutro, koili huwa sumaku kali, huvuta kichuma, na swichi hufunguka kwa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Cheche inayozuka hapo husukumwa kwenye rundo la vibati vyembamba, ikakatwa vipande vipande na kuzimika. Ukienda dukani tafuta namba 6000 ndani ya kijisanduku kilichochorwa usoni: ndizo ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata salama.

Sasa yule mama. Ana vikaangio viwili, kila kimoja wati 3000. Gawa kwa volti 240 zetu: ampea 12.5 kila kimoja, 25 vikiwaka pamoja. Breka ni ya 16, waya ni wa milimita za mraba 1.5. Ilikuwa inakata baada ya dakika kadhaa, na ilikuwa na haki kabisa! Ningeweka ya 32 isingekata kamwe kwa mzigo ule, na waya unaostahimili ampea kama 17 ndani ya paipu ungechemka kila jioni. Nimefungua soketi za nyumba zilizofanyiwa hivyo: plastiki nyekundu imekuwa kahawia, ukiishika inavunjika kama ganda la karanga. Kwa hiyo nilivuta waya wa 2.5 kwa kila kikaangio, kila mmoja na breka yake ya 20.

Herufi iliyo mbele ya namba nayo ina maana. Koili ya B huamka mzigo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Mashine za kuchomelea za mafundi wa Katwe, Kampala, hunyonya umeme mwingi zinapowashwa, hivyo B ingekata bure. Huko naweka C, mara chache D.

Lakini breka hii haimkingi mtu anayepigwa na umeme. Miliampea 30 (miliampea ni sehemu ya elfu ya ampea) mwilini ni hatari tayari, na breka ya ampea 16 haizihisi hata kidogo. Kwa hita ya bafuni ongeza RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kikakata visipolingana. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara, na kisipokata, kibadilishwe siku hiyo hiyo.